Barua kwa mwanangu: mtazame anayeleta chai

Tanga, Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako za Jumapili nimezipata pamoja na swali lako, nami nimekaa nalo siku nne kabla ya kushika kalamu. Kupiga simu sikutaka. Mambo kama haya kwenye simu huishia "Mama, mtandao unakatika", na mimi nina maneno mengi.

Umeniandikia kwamba unatoka kazini saa mbili usiku, na ukishapika na kulaza watoto unabakiwa na saa moja ya kwako. Kikundi chenu cha kusoma huko Dodoma kimegawanyika: nusu wanataka riwaya, nusu wanataka vitabu vya kumbukumbu, na hao wa kumbukumbu wanasema hakuna haja ya mtu mzima kukesha na mambo ya kutunga wakati maisha ya kweli yameandikwa tele. Ukaniuliza, kwa kuwa nimekaa kaunta ya maktaba miaka 31 na hata baada ya kustaafu sijaacha kusoma: kipi kinastahili hiyo saa moja?

Nitakujibu. Lakini kwanza nirudie lile uliloanza kulisikia ukiwa chekechea, na utalisikia madhali nina pumzi. Kitabu chochote ukikifungua, mtazame anayeleta chai. Kila hadithi ina mtu anayeingia na sinia, anayefungua geti, anayefua shati ambalo mkubwa atalivaa kwenda kutoa hotuba. Mwandishi ama anamjua huyo mtu, ama anaona sinia tu. Mimi humpima hapo. Anaweza kuwa na Kiswahili cha dhahabu au Kiingereza cha malkia, lakini kama sinia linajileta lenyewe, kitabu chake nakirudisha rafuni.

Theft cha Abdulrazak Gurnah, ulichoniletea Idi Kubwa, nimekisoma mara mbili. Ni riwaya yake ya kwanza tangu apewe Nobeli ya fasihi mwaka 2021, na nilikuwa na wasiwasi, maana tuzo kubwa humfanya mwandishi aanze kukaa kama mtu anayepigwa picha. Hakufanya hivyo. Amekaa pale pale alipokuwa tangu Paradise mwaka 1994, jikoni na uani, na macho yake yako kwa Badar, kijana anayepelekwa nyumba ya watu kutumika, anayetumwa dukani, anayejifunza ukimya wa kila mtu mle ndani, na ambaye siku moja anatuhumiwa wizi. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikaenda kumwagilia mchicha. Jioni ile sikuweza kuendelea.

Lakini kuna mahali hakuniridhisha, nami nakuambia mapema kwa sababu kikundi chenu kitamsifu tu. Kuelekea mwisho anaingia msichana wa Kiingereza aliyekuja kujitolea, na Karim, rafiki yake Badar, anapotelea kwake. Msichana huyo Gurnah hakumuuliza kitu. Amempitisha kitabuni kama upepo unaobamiza mlango. Mlango ukishabamizwa, upepo hauna kazi tena. Mtu aliyeanza kutoa riwaya mwaka 1987 na ambaye siku zote amewapa sauti watu wa uani, amemkosaje huyu? Nikajijibu: labda aliona Wazungu wana waandishi wa kutosha. Kisha nikajipinga. Anayeleta chai anaweza kuwa Mzungu, na anaweza kuwa yeye ndiye mkosaji, bado anastahili kuulizwa ametoka wapi. Sheria ni moja.

Afterlives cha 2020 ndicho ninachokipenda zaidi kuliko vyote vyake, na sababu unaijua: Afiya. Mtoto yule kaka yake anamfundisha kusoma na kuandika, kisha anamwacha kijijini na kwenda kujiunga na jeshi la Wajerumani. Mzee anayemlea akigundua kwamba anaandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Mkono, mwanangu, kwa ajili ya kuandika. Mimi nimewaandikia wasichana wa Tanga kadi za maktaba kwa maelfu. Wengine walikuja na baba zao, wengine walikuja wakitazama nyuma. Nilipousoma ukurasa ule niliwakumbuka hao waliokuwa wakitazama nyuma, na nikajiuliza ni wangapi ambao kadi zao zililala kwenye droo yangu miaka bila mwenyewe kurudi.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa riwaya, utasema. Ngoja.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei mwaka huu, nilikitoa tena kabatini Dreams in a Time of War, kumbukumbu zake za utoto zilizotoka 2010. Mama yake, Wanjiku, alikuwa mke wa tatu kati ya wake wanne. Kusoma hajui. Ndiye anayemuuliza mtoto kama anataka shule, na ndiye anayetafuta ada. Mtoto akirudi na alama, mama humuuliza kama hapo ndipo alipofikia mwisho wa uwezo wake. Akija na kumi kwa kumi, swali ni lile lile. Kitabu kizima kimejaa huyo mama. Mwandishi ameshakuwa profesa Marekani, dunia nzima inamjua, na bado unamwona amekaa miguuni pa mwanamke asiyejua herufi, akimjibu. Hakuna riwaya iliyonipa mama kama huyo. Kwa hiyo wale wenzio wa kumbukumbu siwezi kuwafukuza.

Na kuna Adam Shafi, ambaye ameandika vyote viwili, ndiyo maana hupenda kumweka mezani peke yake. Vuta N'kuvute ya 1999 ni riwaya, Mbali na Nyumbani ya 2013 ni safari yake mwenyewe ya ujanani alipotoka Unguja kutafuta elimu ng'ambo. Mkono ni ule ule, chumvi ni ile ile. Lakini ukinihoji miaka kumi baadaye ni nani aliyebaki kichwani mwangu, ni Mwajuma wa Vuta N'kuvute, yule anayempokea Yasmin nyumbani kwake mtaani Ng'ambo, hapo hapo mjini Unguja, Yasmin aliyekimbia mume wa kuozeshwa. Mwajuma ana kicheko, ana chumba chake, ana hasira zake. Katika kumbukumbu, watu wema wa njiani hupita haraka, kwa kuwa msafiri mwenyewe anapita. Simlaumu. Kijana anayekwenda mbali hana muda wa kumuuliza aliyempa sahani ya wali jina la mama yake.

Vya wakubwa wetu navyo nimevisoma. Cha Mzee Mkapa, My Life, My Purpose, kilitoka 2019 kwa Kiingereza. Cha Mzee Mwinyi, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kilitoka 2021 kwa Kiswahili. Siasa zao nawaachia wengine. Ninachojua ni kwamba cha Mzee Mwinyi nilimsomea Bibi yako barazani bila kusimama kutafsiri, naye akawa anacheka na kusema, "Huyu mtu wa Pwani, msikie anavyozunguka." Mtu akiandika maisha yake kwa lugha ambayo mama yake angeisikia, kuna mambo hathubutu kuyaruka. Anajua kuna mtu atauliza.

Na hapo ndipo ninapofika kwa mjomba wako. Ulijua nitafika.

Uzinduzi ule wa 2014 wa kitabu cha maisha yake wewe hukuwepo, ulikuwa na mitihani ya mwisho chuoni, na uliyoyasikia ni ya juu juu: ukumbi wa hoteli, keki yenye umbo la kitabu, mgeni rasmi akinunua nakala ya kwanza kwa mamilioni. Yote hayo ni kweli. Mimi na Bibi tulipanda basi la alfajiri kutoka hapa Tanga, yeye amevaa kanga mpya ndani ya baibui, ameoga marashi kama anakwenda kuoza mtoto. Mjomba wako alimweka meza ya mbele, hilo sitamnyima. Alimshika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye mama yangu," na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kitabu chenyewe tulikabidhiwa pale pale mlangoni. Kazi ya miaka mingi ina mazoea yake, na mimi kitabu hukianzia nyuma. Nikafungua faharasa wakati risala zinasomwa. Mawaziri wamo. Mabalozi wamo, na wale aliosoma nao Uingereza wamo, kila mmoja na kurasa zake. Nikatafuta jina la mama yetu. Halimo. Nikarudi sura ya kwanza, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, na katika ukurasa wa 41 nikamkuta, bila jina. Kwa Kiingereza, sentensi moja: mama yangu, mwanamke wa kawaida ambaye hakusoma, alituombea dua.

Nilikuwa bado natazama sentensi ile Bibi aliponigusa goti. Nakala yake ilikuwa mapajani, anaipapasa ile picha ya jalada, mwanawe ndani ya suti. Macho yake wakati ule yalikuwa tayari yana mtoto wa jicho, na hata kabla ya hapo alikuwa akisoma msahafu tu, herufi za kizungu hakuzijua. Akaniinamia akaninong'oneza, "Nisomee panapo mimi."

Mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilikuwa na nafasi ya kusema "tutasoma nyumbani". Nikafungua ukurasa wa 41 na nikasoma ambayo hayakuwepo.

Nilianza taratibu, kama mtu anayetafsiri. Nikasoma kwamba mwaka 1962, mjomba wako alipopata nafasi shule ya kati ya bweni, mama yake alikuwa akiamka saa tisa usiku, mchele umeloweka tangu jana, anatwanga, anakuna nazi, anasubiri unga uumuke, anakaa na chuma cha vitumbua mpaka kunapambazuka. Nikasoma kwamba alibeba beseni kichwani kutoka Ngamiani mpaka stesheni ya reli ili awawahi abiria, na mtoto wake wa kike wa miaka sita akimfuata nyuma na kikopo cha chenji. Nikasoma kwamba siku moja askari alilipiga teke lile beseni, vitumbua vikamwagika kwenye kokoto, na mama akaviokota vile vya juu, akavipangusa, akaviuza, na vya chini tukavila sisi siku mbili. Nikasoma habari za sanduku la bati lililohitajika bwenini, na jinsi mama alivyovua vikuku vyake viwili vya fedha, alivyopewa na nyanya yake, akaviweka rehani kwa mwenye duka mmoja, na kabla hajamaliza kulipa, duka likafungwa, mwenyewe akahama na vikuku vikaenda naye.

Yote niliyosoma yalitokea. Mtoto wa miaka sita mwenye kikopo cha chenji alikuwa mimi. Lakini hayakuwa ndani ya kitabu.

Bibi alisikiliza midomo ikicheza, kama anavyofanya akisikiliza Yasini. Nilipomaliza akaniuliza, "Kaandika hivyo?" Nikamwambia ndiyo mama. "Na vikuku?" Na vikuku. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Habari ya vikuku mimi sikumwambia. Kajuaje?"

Nikamwambia labda aliuliza. Mgeni rasmi akasimama, watu wakapiga makofi, na mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Njiani kurudi Tanga sikusema neno. Nilimkasirikia mjomba wako miaka, mwanangu, na wewe uliiona hasira hiyo bila kujua ilikotoka. Ile Idi ambayo sikwenda kwake ukaniuliza sababu nikakwambia mguu unauma, sababu ilikuwa ukurasa wa 41.

Sasa Peponi. Mwaka 2022 Paradise ilirudi nyumbani. Ida Hadjivayanis aliitia Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapa. Niliinunua wiki ile ile niliposikia imefika. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilimsomea Bibi kurasa kama kumi, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kibao cha mbuzi kwa ajili ya mgongo wangu. Sijawahi kuwa na msomaji kama yule. Alibishana na kila mtu. Akimchukia mtu alikuwa akisema "mruke huyo", na mimi sikuruka. Maelezo ya maduka na misafara yalimfanya ataje majina ya watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Miaka tisini na ushei, na riwaya ya kwanza maishani mwake ilikuwa imeandikwa na mtoto wa Unguja aliyekimbilia Uingereza kijana mdogo, ikazunguka karibu miaka thelathini kwa lugha nyingine kabla ya kumfikia barazani kwake. Furaha ya siku zile siwezi kuilinganisha na kitu, labda siku uliyozaliwa.

Unakumbuka inavyoanza: Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz ambaye amekuwa akimwita ami, na baadaye ndipo anapofahamu kwamba ametolewa kufidia deni la baba yake. Nilipofika hapo, Bibi alininyoshea mkono nisimame.

"Baba kamweka mtoto rehani," akasema. "Mama angeanza na vikuku."

Nikanyamaza. Kunguru walikuwa wanapiga kelele juu ya mwembe. Akanigeuzia uso, macho yale yaliyokwisha kufanyiwa operesheni na kuona tena, akaniuliza, "Haya unayosoma yamo, au ni kama siku ile?"

"Yamo, mama. Yote yamo."

"Siku ile nilijua kwa vikuku. Ndugu yako asingeweza kuyajua yale, tulikuwa mimi na wewe tu dukani." Akavuta kanga mabegani. "Lakini ulisoma vizuri. Haya, endelea."

Nikaendelea. Hakulitaja tena mpaka alipofariki mwaka uliofuata, na wewe ni mtu wa kwanza ninayemwambia.

Tangu siku hiyo najiuliza nilifanya nini kule ukumbini. Nilidanganya? Nilimsomea mama yangu maisha yake mwenyewe, yaliyotokea, na nikayatia mdomoni mwa mtu ambaye hakuyasema. Huo ni uongo. Na papo hapo ndiyo kazi ya riwaya, kuyatia maneno kwenye midomo ambayo ingepaswa kuyasema. Usiku mwingine najiona nilimpa Bibi haki yake. Usiku mwingine najiona nilimfunika mjomba wako aibu ambayo ilikuwa yake kuibeba.

Yuko mwanamke wa Kifaransa, Annie Ernaux, aliyepewa Nobeli mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah. Kitabu chake kuhusu baba yake kilitoka 1983. Mimi nimekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, A Man's Place. Ni chembamba, unakimaliza kwa zile saa zako moja moja za siku tatu. Baba yake alikuwa mtu wa vibarua aliyepanda mpaka kumiliki duka dogo lenye mkahawa, katika mji wa Yvetot. Binti akasoma, akawa mwalimu, wakaanza kukosa la kuzungumza. Baba alipokufa alianza kumwandikia riwaya, akafika katikati akachukizwa nayo, akaiacha. Anasema maisha yaliyobanwa na shida hana haki ya kuyapamba kwa usanii. Akaandika maneno ya baba kama yalivyosemwa, bei za vitu na desturi za nyumba, bila kuremba.

Nilipomsoma niliona aibu. Mimi nilipamba. Kikopo cha chenji kilikuwa cha maziwa ya unga, lakini kule ukumbini nilisema cha shaba kwa sababu kilisikika vizuri zaidi. Mambo madogo kama hayo. Nikawaza, Ernaux angekuwa meza ya mbele siku ile angenisomea ile sentensi moja kama ilivyo na kumwacha mama aisikie. Mwanamke wa kawaida, hakusoma, alituombea dua. Sijui kama ningekuwa na moyo huo. Nadhani yeye angekuwa nao.

Nami nikiitazama tena ile sentensi, baada ya miaka kumi na moja, naona kitu ambacho hasira haikuniachia kukiona. Mjomba wako alikuwa na miaka kumi na minne, yuko bwenini. Vikuku hakuvijua. Beseni kupigwa teke hakulijua. Akirudi likizo mama alimkaribisha kwa wali na samaki, na sisi wadogo tulikatazwa kabisa kumwambia tulivyoshinda. Mama mwenyewe alisema, "Asije akasoma kwa huruma." Tulimficha sisi. Kisha akakua, akaandika alichokiona, na alichokiona ni mama akiomba dua. Hakudanganya. Ila hakuuliza.

Nafikiri hili ndilo lililokuwa likinizungusha siku zote nne. Anayeandika kumbukumbu anadhani anajua kwa kuwa alikuwepo. Anayetunga riwaya hakuwepo, kwa hiyo analazimika kuuliza kila kitu: mtoto alikula nini, nani aliwasha moto, pesa ya sanduku ilitoka wapi. Ndiyo maana riwaya mbovu inakera kuliko kumbukumbu mbovu, maana mtunzi alikuwa na ruhusa ya kuuliza na hakuitumia. Na ndiyo maana Ngũgĩ ananishinda nguvu, maana yeye alikuwepo na bado aliuliza. Mtazame anayeleta chai, nasema kila siku. Sasa naona nilipaswa kuongeza: hata kama ni mama yako, na hasa kama chai ile uliizoea.

Lakini naye, mjomba, alikuwa na umri wa miaka sitini na sita alipoandika! Mama yuko hai, simu ipo, Tanga si mbali. Saa moja tu ya kumuuliza, "Mama, ile ada uliipata wapi?" Mtu aliyetafuta tarehe sahihi za mikutano ya Geneva... Unaona, bado. Naanza kumsamehe na sentensi inageuka mkononi. Na ni huyu huyu aliyelipia operesheni ya macho ya Bibi, yote mawili, hospitali nzuri, bila kutuambia gharama. Bila yeye Bibi asingeuona uso wangu siku ile ya Peponi. Kitabu chake hakisemi hilo pia. Hakujisifia.

Kwa hiyo unataka neno moja, riwaya au kumbukumbu. Ungenibana kwenye kona ningesema riwaya, halafu ningelala vibaya kwa ajili ya Wanjiku. Waambie wenzio wasipige kura. Waanze na A Man's Place kwa kuwa ni chembamba, wafuate na Peponi, na wasome Peponi kwa sauti, mmoja anasoma wengine wanasikiliza na kuingilia kati. Ukiisoma kimya kimya utapata hadithi, lakini mabishano yatakupita. Theft iwe ya mwisho, na mtakapofika kwa yule msichana wa Kiingereza niambie kama nimemwonea Gurnah.

Kuhusu kitabu cha mjomba wako, uliwahi kuniuliza kama ni kizuri nikakujibu kwamba jalada limekaa vizuri. Hukumu ninayo. Iko kwenye ncha ya ulimi tangu 2014 na jana usiku niliiandika hapa kisha nikaichana karatasi. Yeye ni mgonjwa sasa, na jana alinipigia simu, akaniuliza kama nakumbuka jina la mwenye duka aliyekuwa jirani na msikiti tulipokuwa wadogo. Hakusema anataka la nini. Sikumuuliza, nilishtuka. Nitampigia kesho.

Vitabu nimevifunga kwenye boksi la sabuni, vinakuja na basi la kesho asubuhi. Nenda stendi mchana, chukua na kitambulisho chako. Ndani kuna Peponi, kuna Ernaux, kuna ngisi mkavu wa mkwe wangu, na chini kabisa nimeweka nakala ya Bibi, ile aliyokuwa akiipapasa. Ukurasa wa 41 una kipande cha kanga yake. Usome wewe kwanza. Kisha nipigie, hata kama mtandao unakatika.

Mama yako